Safari ya Harambe: Namna ya Kuitumia Hati ya Saa

Kijiji cha Harambe hamtakiona katika ramani yo yote ya Afrika. Ni kijiji cha mchezo, nacho kiko Marekani, katika jimbo la Florida, kusini-magharibi ya mji wa Orlando. Kuta zake zafanana na kuta za Lamu, kwa maana wajenzi wake walikwenda kwanza pwani ya Kenya kuitazama miji ya kale. Juu ya kuta hizo yameandikwa maneno ya Kiswahili, ambayo wengi wa wapitao hawayafahamu. Sisi tuliyafahamu, na bibi yetu aliyasoma yote kwa sauti.

Tulikwenda huko mwezi wa Novemba, mwaka 2024, tukiwa watu saba wa jamaa moja: ndugu yetu na mkewe, ambao makao yao sasa ni Marekani kama makao ya maelfu ya Wakongo wengine, binti yao wa miaka 14, kijana wa miaka 10, mdogo wao wa miaka 4, bibi yao, mzaliwa wa upande wa Mambasa katika Ituri, na sisi tuliokuwa wageni wao.

Bibi alikuwa na haja moja tu. Alizaliwa karibu na msitu wa okapi, wala hakupata kumwona okapi hata siku moja. Mnyama huyo porini huishi katika Kongo peke yake, tena ni mwenye haya, hukaa ndani ya msitu mzito. Walikuwako okapi waliofugwa huko Epulu. Lakini mwezi wa Juni 2012 washambulizi waliingia wakaua watu, wakaua na okapi 14. Basi bibi alikimbia vita, akazeeka, akavuka bahari, naye alimjua mnyama wa kwao kwa masimulizi tu. Alipoambiwa kwamba Florida wako okapi, alisema, «Nipelekeni, nimwone kabla macho hayajachoka.»

Bustani yenyewe yaitwa Disney's Animal Kingdom. Ni moja ya bustani kubwa nne za Walt Disney World, nayo ilifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998. Katika Harambe watu hupanda gari kubwa lililo wazi pande zote, nalo huwazungusha kama dakika 20 kati ya wanyama. Safari hiyo yaitwa Kilimanjaro Safaris. Na sehemu yake ya kwanza ni msitu mdogo uliopewa jina la Ituri. Humo ndimo alimo okapi.

HATI YA SAA NI NINI?

Hapo mwanzo, mtu aliyetaka kupanda mchezo wenye sifa katika bustani hizo alisimama mstarini tu, saa nzima, pengine saa mbili, juani. Mwaka 1999 wenye bustani walileta utaratibu mpya, wakauita FastPass. Mtu aliingiza tiketi yake katika mashine iliyosimama karibu na mlango wa mchezo. Mashine ikamtolea karatasi ndogo yenye maneno kama haya: rudi kati ya saa hii na saa ile. Kati ya saa hizo mbili palikuwa na muda wa saa nzima. Basi mtu alikwenda zake kula au kutembea, na karatasi ikamshikia mahali pake. Karatasi hiyo haikulipiwa.

Siri yake ni hesabu. Tuseme mchezo mmoja waweza kupakia watu 1,000 kwa saa. Wenye kazi huzigawa nafasi hizo: sehemu huwapa wenye hati, sehemu huwaachia waliosimama mstarini. Nafasi za saa hii zikiisha, hutolewa za saa ifuatayo. Na za siku nzima zikiisha, basi, hakuna tena mpaka kesho.

Mwaka 2014 karatasi ziliondoka, watu wakaanza kuchagua saa zao kwa simu, wakapita mlangoni kwa kadi au kwa bangili ya mkononi. Mwezi wa Machi 2020 bustani zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Zilipofunguliwa, ule utaratibu wa bure haukurudi. Tangu Oktoba 2021 hati hulipiwa. Na tangu Julai 2024 ile iliyo ya kawaida yaitwa Lightning Lane Multi Pass. Kwa hati hiyo tulichagua michezo mitatu siku kadhaa kabla ya kwenda: wanaolala katika hoteli za bustani waliruhusiwa kuchagua siku 7 mbele, na wengine kama sisi siku 3 mbele. Bei yake si moja. Hubadilika kwa siku na kwa bustani, nayo huhesabiwa kwa kila mtu mwenye miaka 3 au zaidi. Kwa jamaa ya watu saba fedha hiyo si kidogo, ndiyo maana tulitaka kuitumia yote bila kupoteza hata dakika.

Na hapo ndipo tulipokosea.

ASUBUHI YA MBIO

Ndugu yetu ni mtu wa utaratibu. Aliziandika saa zetu tatu katika karatasi kama mkuu wa stesheni anavyoandika saa za gari la moshi. Tutaziandika hapa kwa hesabu ya saa 24, kama zinavyoandikwa katika ofisi za Kongo. Kilimanjaro Safaris, 9.10 mpaka 10.10. Mlima wa Everest, ambao ni gari la reli lirukalo mlimani na kurudi nyuma gizani, 10.15 mpaka 11.15. Mto wa Na'vi, yaani safari ya mtumbwi katika pango la taa, 11.20 mpaka 12.20. Kati ya saa moja na nyingine aliacha dakika tano. Alijisifu kidogo, nasi tukamsifu.

Lakini mzee hatembei kama gari la moshi. Katikati ya bustani kuna mti mkubwa uliojengwa kwa mikono ya watu, urefu wake meta 44, na katika shina lake mmechongwa wanyama zaidi ya 300. Bibi alisimama pale na mjukuu wake mdogo, wakaanza kuhesabu: tembo, kobe, tai, nyani. Walipofika wanyama 30, baba alitazama simu. Walipofika 40, alitazama tena. Tulivuka daraja, tukaingia Harambe. Bibi akasimama tena kusoma maandishi ya ukutani, akamweleza mtoto maana ya kila neno. Halafu akaketi juu ya benchi, akavua viatu. Miguu yake ilikuwa imevimba.

Ilikuwa saa 9.58.

«Mama,» ndugu yetu akasema kwa upole, lakini uso wake ulikuwa na shida, «zimebaki dakika 12. Na tukiingia sasa, safari itakwisha baada ya 10.15, na mlima ni mbali. Tufanyeje?»

Bibi akatazama viatu vyake, akatazama watoto waliokuwa wakirukaruka. Akasema, «Nendeni, baba. Mimi nitawangoja hapa. Nimezoea kungoja.»

Hakuna aliyejibu. Tulikuwa tumelipa fedha ili tusingoje, na sasa yule ambaye safari hii ilifanywa kwa ajili yake ndiye aliyekuwa akiachwa kungoja.

Ndipo binti wa miaka 14 akanyosha mkono. «Baba, nipe simu.»

BINTI ANATUFUNDISHA

Maneno aliyotuambia ni mafupi, nasi tungeyajua tangu mwanzo kama tungaliuliza. Tunayaandika hapa kwa faida ya kila jamaa itakayokwenda mahali penye utaratibu wa namna hii.

Neno la kwanza: saa iliyoandikwa kwanza si saa ya kufika. Ni mlango unaofunguliwa, nao hukaa wazi saa nzima. Ndugu yetu alihesabu kwamba ni lazima tuwe mlimani 10.15. La, sivyo! Mwenye hati ya 10.15 mpaka 11.15 aweza kufika 10.40, au 11.05, naye hupokelewa vile vile. Tena kinachohesabiwa ni kuingia mlangoni, si kumaliza mchezo.

Neno la pili: saa yaweza kusogezwa. Maadamu muda wake haujapita, mtu hufungua simu, akatafuta saa nyingine iliyo wazi, akabadili. Kubadili hakulipiwi. Muda ukiisha kupita, ni habari nyingine. Wenye mlango kwa desturi huvumilia dakika chache, lakini mwenye busara hategemei huruma ya mlangoni. Binti alifungua, akatafuta, saa ya simu ikasoma 10.02. Mara ya kwanza hakuona kitu. Mara ya pili ilitokea nafasi ya watu saba: 14.10 mpaka 15.10. Akaishika. Safari ya bibi ilikuwa imehamia alasiri.

Neno la tatu: watu wa jamaa moja si lazima wafuatane kama siafu. Kila mtu ana hati yake. Basi tuligawana. Wazazi na watoto walikwenda mlimani polepole, wakaingia 10.50. Mdogo hakuweza kupanda, kwa sababu mlima ule hupokea watu wenye urefu wa sentimeta 112 au zaidi. Kwa wazazi wenye mtoto mdogo uko utaratibu wa zamu: mmoja hupanda, mwingine hukaa na mtoto, kisha hubadilishana, na yule wa pili hapangi mstari upya. Lakini ni lazima wote wawili wafike mlangoni pamoja na mtoto, wawaambie wenye kazi kabla ya kuanza. Baba alipanda kwanza na watoto wakubwa, halafu mama akapanda. Alitoka huko akicheka kama msichana.

Neno la nne: ukiisha kuitumia hati ya kwanza, waruhusiwa kuchagua nyingine. Binti alichagua mto wa Kali, ambao huwalowesha watu maji, 13.30 mpaka 14.30. Baba akashtuka: «Lakini saa hiyo yaingiliana na safari ya bibi!» Binti akajibu, «Ndiyo, na ni vizuri.» Kwa kuwa milango miwili ikiwa wazi wakati mmoja, mtu aweza kuanza na wo wote. Saa zinazoingiliana zampa mtu nafasi ya kupumua, lakini saa zilizopangwa kama matofali zamfunga.

Tena wako watu wa bahati mbaya: mvua ya radi hunyesha, au mtambo husimama, na mchezo hufungwa katika saa yao. Hao nao hawapotezi. Hati yao hugeuzwa, wakapewa ruhusa ya kuingia katika mchezo mwingine wa siku ile ile.

Na sisi je? Sisi tulibaki na bibi. Alipokwisha kupumzika tuliingia katika njia ya miguu iliyo pale pale Harambe, ambayo siku hizi yaitwa Gorilla Falls, na hapo zamani iliitwa Pangani. Njia hiyo haina hati, wala saa. Tulimtazama kiboko akitembea chini ya maji nyuma ya ukuta wa kioo. Tulimwona gorila mkubwa ameketi na kula majani, naye alitutazama kwa utulivu kuliko tulivyomtazama. Bibi alikaa mbele yake muda mrefu. Hakuna aliyemwambia, «Saa inapita.»

MILANGO MIWILI

Tulikutana sote kwenye mto wa Na'vi, tukaingia 12.05, robo saa kabla ya mlango kufungwa kwetu. Hapo kijana wetu wa miaka 10 aliuliza jambo ambalo watu wazima hupita bila kuliuliza.

Kwenye mlango kuna njia mbili. Njia moja ilijaa watu: baba waliobeba watoto mabegani, mama wakipepea nyuso kwa ramani. Ubao ulisema dakika 70. Njia ya pili ilikuwa karibu tupu, ndiyo yetu. Tulipita mbele ya watu wale kama wakubwa wa serikali. Kijana akasema, «Mbona sisi tunawapita? Wale walikuja mbele yetu.»

Hatukumdanganya. Tulimwambia kwamba kila nafasi anayopewa mwenye hati hutolewa katika nafasi zilezile za mchezo. Mtambo haupakii watu wengi zaidi kwa sababu ya hati. Kwa hiyo sisi tukienda upesi, wale huenda polepole. Karatasi ilipokuwa ya bure, mwenye kupata alikuwa yule aliyeamka mapema au aliyeujua utaratibu. Tangu ilipoanza kulipiwa, aliye na fedha ametangulia. Yako hata watu wanaosema hesabu ya jumla ingekuwa nzuri zaidi kama wote wangesimama katika mstari mmoja.

«Basi tumefanya vibaya?» kijana akauliza.

Mama yake ndiye aliyemjibu. «Tumenunua kitu kinachouzwa hadharani, hatukuiba. Lakini mtu aliyepewa nafasi asiishike bure. Asubuhi dada yako alipata nafasi ya bibi. Unafikiri ilitoka wapi? Pengine jamaa nyingine iliona haitaweza kwenda, ikaiachilia. Wangaliishika mpaka muda ukapita, wao wasingalifaidi kitu, na bibi angalikosa.»

Kijana akafikiri kidogo. Halafu akatoka katikati ya njia yetu, akampisha mama mmoja mwenye gari la mtoto aliyetaka kupita mbele yake. Hilo lilikuwa jambo dogo, lakini tulilitia moyoni.

Haifai tuwafiche jambo jingine: jamaa isiyo na fedha ya hati yaweza kufurahi pia. Wafike kabla bustani haijafunguliwa, waende kwanza mchezo wenye mstari mrefu kuliko yote, kwa maana saa ya kwanza watu bado ni wachache. Adhuhuri, mistari inapojaa, waende kwenye njia za miguu, na michezo ya kuigiza, na kivulini. Na hata mwenye hati asiitumie mahali ambapo ubao wasema dakika 10. Hapo asimame tu, aitunze hati kwa mstari wa saa nzima.

SAA 14.50

Watoto walilowa maji katika mto wa Kali saa 13.50, wakakauka juani wakati wa kula. Tulirudi Harambe bila kukimbia. Mlango wetu ulikuwa wazi mpaka 15.10, tulifika 14.50. Bibi alivaa viatu vyake vizuri, akafunga kitambaa chake upya.

Dereva wa gari alituamkia, «Jambo!» Bibi akajibu, «Sijambo, baba, habari za nyumbani?» Dereva akacheka, akainamisha kichwa kwa heshima, akasema tena neno lake lile lile. Gari likaondoka, likaingia chini ya miti.

Tuwaambie ukweli: tuliogopa. Hati humpa mtu nafasi katika gari, lakini haimwamuru mnyama atokee. Okapi hupenda kivuli, naye akisimama kati ya majani mtu hupita asimwone. Gari lilikwenda polepole. Upande wa kuume tuliona majani matupu. Baba aliinama mbele, akashika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Simu ilikuwa mfukoni mwake. Tangu adhuhuri hakuitoa.

Mdogo ndiye aliyemwona kwanza. «Punda!» akalia.

Nyuma ya mti palionekana miguu miwili yenye milia nyeupe na nyeusi. Kisha mgongo wa rangi ya kahawia iliyoiva, unaong'aa kama mti uliopakwa mafuta. Halafu mnyama akageuza shingo, akaonyesha kichwa chake kirefu na masikio mapana, akanyosha ulimi mrefu mweusi, akavuta jani.

Bibi hakupiga kelele. Alishika mkono wa mjukuu, akasema, «Si punda, mwanangu. Huyo ni wa kwetu.»

Gari halikusimama sana. Nyuma yetu lilikuwapo jingine. Tuliwaona vifaru baada ya hapo, na twiga, na tembo na simba. Lakini mkitaka kujua bibi aliona nini Florida, atawaambia okapi.

NENO LA MWISHO

Wazazi wapenzi, pengine hamtakwenda Florida maisha yenu yote. Lakini utaratibu wa hati na saa umekwisha enea: katika hospitali, katika ofisi za serikali, katika viwanja vya ndege, mahali pengi watu hupewa saa ya kufika. Ni utaratibu mzuri, kwa maana hutuondolea kusimama bure. Basi jifunzeni masharti yake kabla ya siku yenyewe. Ulizeni: muda waanza lini, waisha lini, waweza kubadilishwa, na mpaka lini? Msiziweke shughuli mbili zikigusana. Acheni nafasi ya miguu ya mzee na usingizi wa mtoto. Mkiona hamtaweza kwenda, iachilieni nafasi mapema, mtu mwingine aipate.

Nanyi wanafunzi, mnaoijua simu kuliko wazazi wenu, msingoje mpaka bibi avue viatu ndipo mseme. Binti yetu alijua tangu asubuhi kwamba saa yaweza kusogezwa. Tulipomwuliza mbona alinyamaza, akajibu, «Baba alikuwa ameandika karatasi yake vizuri sana.»

Ile karatasi ndugu yetu ameihifadhi. Amekata kwa kalamu saa 9.10, na pembeni ameandika 14.10, na chini yake, kwa mkono wa bibi ambaye huandika polepole, pana neno moja: Okapi.